Mshiriki wa Kumi na Nne

Gisenyi, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Kwako mutoto wangu Cyuzuzo,

Uko namna gani? Baridi ya kule Pretoria inakutesa ao ulishaizoea? Mama yako kule Karagwe anakusalimia, alituma sauti ku simu, Belise wangu akaniandikia yenye alisema. Sisi tuko. Belise alimaliza stage, kule kujifunza kazi, ku centre de santé, anangoja kazi. Kila asubuhi anavaa muzuri sawa mutu mwenye kazi, kisha anakaa ku salon ya nyumba. Mi natoka na vitenge zangu ku soko. Masikio imekataa kabisa, wateja wananionyesha bei na vidole. Njo maana nakuandikia, ku simu ungepiga kelele bure. Belise anapiga picha ya karatasi anakutumia.

Toka tumuzike mama yako mudogo mwezi wa ine, nyumba imekuwa kubwa. Belise angali anapika chakula ya batu batatu, tunakula ingine kesho yake. Sijamuambia aache.

Bon. Nina neno. Ile article yako juu ya maji ya muto Sebeya imefika wapi? Ulikuja Mahoko, kwenye tulikuwa tunaishi, na kamashini ka kurekodi, mwaka ule wa mafuriko, ukaongea na batu moja moja. Na Mama Umutoni, mama yako mudogo, ulikaa naye asubuhi muzima, mulango imefungwa. Mi nilikuwa inje, maswali yako sikuijua. Alipotoka alienda kupika maharagwe. Unajua siku maji ilimubeba Umutoni wetu mi nilikuwa Goma kutafuta mali, Belise alikuwa internat, ku masomo ya kulala. Ni mama yake tu alikuwa naye. Kila nikimuuliza ilienda namna gani, alisema: nilishasema kwa Cyuzuzo, itatoka mu kitabu, utasoma. Nikangoja. Na yeye alikuwa anangoja. Sasa hayuko, mi nabaki kungoja peke yangu.

Tena, batakulipa ngapi? Niambie mapema, juu batu ya Mahoko bananiuliza, na mi nilishabaahidi Fanta siku itatoka.

Mi baba yako mudogo,
Bizumuremyi

Pretoria, 2 Julai 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimepata picha za barua yako, na Belise amezipiga vizuri, hata doa la chai nimeliona. Mimi ni mzima. Baridi ya huku haina huruma, naandika nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Mwenye nyumba wangu ameongeza kodi, lakini hilo si la kukuumiza kichwa. Niliposoma habari ya chakula cha watu watatu niliweka simu chini, nikatoka kutembea. Sikuweza kuja kumzika Mama mdogo.

Sasa habari ya makala. Jarida la kwanza lilikaa nayo karibu mwaka mzima, kisha wakaikataa kwa mistari miwili. Nikaanza upya kwingine. Mwezi uliopita hawa wa pili wameikubali. Mwezi uliopita, Baba mdogo! Mama mdogo angengoja kidogo tu. Samahani, nimeandika upuuzi, yeye hakuwa na la kuchagua.

Kuhusu malipo, usicheke. Hawanilipi. Mimi ndiye ninayetakiwa kuwalipa. Wanataka dola elfu tatu na ushee ili makala iwe wazi, yaani mtu yeyote aliye na simu aweze kuifungua na kuisoma bure. Nisipolipa wataichapa vilevile, lakini itafungwa, na anayetaka kusoma atalipa yeye. Nchi maskini wanasamehewa, na Rwanda imo kwenye orodha yao. Ila hawaangalii mtu ametoka wapi, wanaangalia anuani ya chuo chake. Chuo changu kiko Afrika Kusini, na Afrika Kusini wanahesabu kwamba inazo. Nimewaandikia kuomba huruma mara mbili. Walinijibu kwa adabu sana. Ningekuwa nimekaa barazani kwako Gisenyi ningesamehewa, nimekuja huku kusoma ndiyo nimekuwa tajiri.

Kwa hiyo itatoka ikiwa imefungwa. Usihofu, mwandishi hupewa nakala yake, nitamtumia Belise.

Habari ya Mama mdogo tutaongea.

Mwanao,
Cyuzuzo

Gisenyi, tarehe 28 mwezi wa munane 2025

Mutoto wangu Cyuzuzo,

Salamu nyingi. Tuko bazima. Belise alipata kazi ya mwezi mbili, ya kuchanja batoto kule Nyundo, anarudi amechoka lakini anacheka. Mi kikohozi kilinishika, kikaniacha. Nimechelewa kukujibu juu barua yako ilinikasirisha, nikasema kwanza hasira iishe. Haijaisha, lakini nitaandika nayo.

Sasa ile ni biashara ya namna gani? Ngoja niipange mi muchuuzi. Naenda Goma naleta vitenge. Napeleka kwa mutu mwenye duka, namupatia bure. Anaita bachuuzi benzangu bakague kama rangi haichuje. Nao anabalipa?

Belise alisoma fasi ingine ku simu, akaniandikia hapana, hata bale bakaguzi hawalipwe. Yoo! Basi mwenye duka anafunga vitenge mu kabati, anauzisha. Mi mwenye kuileta nikitaka bibi yangu avae, nilipe. Ao nimulipe yeye mali mingi ili kabati ikae wazi. Na chuo yenye ilikulisha ukiandika, nayo inanunua? Sha Cyuzuzo, hata ku mpaka, kwenye tulishaibiwa kila namna, huyu mutu sijamuona. Angefungua duka Mahoko tungemukimbiza na mawe. Ao tungemuomba atufundishe!

Nilienda Mahoko kubaambia hakuna Fanta. Batu bakacheka, Belise akaniandikia banasema Bizumuremyi amekula mali ya mutoto wa ndugu yake. Hawaamini. Na mi singeamini.

Lakini nisikilize. Kama shida ni mali ya kufungua, sema. Ninaweza kuuza ile fasi yangu ya soko. Kuna mutu anaitaka. Mi nataka ikae wazi, mutu yeyote wa Mahoko afungue asome. Usiniulize juu ya nini.

Na umeandika tutaongea. Tutaongea na masikio gani? Andika. Maneno ya Mama Umutoni iko ku page ya ngapi? Nianzie pale.

Sijui kama nilikuambia, toka ile mafuriko, kila mi nikikata kitenge ya muteja mu nyumba, alikuwa anatoka inje. Nilizani amechoka na vitambaa. Leo nilikata moja, nikageuka kumuangalia mulangoni. Njo vile niko.

Bizumuremyi

Pretoria, 6 Oktoba 2025

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini kikohozi hakijarudi. Mpongeze Belise kwa kazi. Mimi ninafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza saa kadhaa kwa wiki, na wananiita Daktari kabla ya wakati wake.

Makala imetoka wiki iliyopita, na imefungwa. Siku ya pili tu aliniandikia Nzeyimana, yule injinia wa barabara na mifereji aliyenisaidia kupima maji Kanama. Alitaka kuona kina cha mto nilichokiandika, kwa sababu wanajenga ukuta mahali fulani. Alibonyeza, mashine ikamdai dola arubaini na kitu, asome kwa siku mbili. Vipimo alivyovipima yeye mwenyewe, amesimama ndani ya maji na mimi! Nimemtumia nakala kwa siri kama mtu anayevusha magendo.

Nakala yako nimempa Belise. Ni ya Kiingereza, atakutafsiria. Tafadhali usiuze fasi ya soko. Nakuomba kwa heshima zote, Baba mdogo, usiiuze.

Nina haraka leo. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Cyuzuzo

Gisenyi, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2025

Cyuzuzo,

Hii barua Belise hajaiona. Nitaipeleka posta mimi mwenyewe, nilambe timbre kama zamani. Itachelewa. Ni sawa.

Belise alisoma article yako siku mbili, mi niko mbele yake naangalia mudomo wake. Iko mvua ya kule juu ku pori ya Gishwati, iko mistari inapanda na kushuka, iko namna maji inafika Mahoko mbele ya mutu kuambiwa. Kazi muzuri, sibishe. Nikasema, endelea, mama yake anasema nini? Akatafuta, akatafuta. Kisha akanionyesha kidole ku tabulo moja, jedwali ya namba. Mushiriki wa kumi na nne. Mwanamuke. Mahoko. Aliona maji alfajiri. Alitoka kwa miguu. Alipoteza mutu moja.

Ni yeye? Asubuhi muzima mulango imefungwa, inabaki ile? Mutu moja! Umutoni njo mutu moja?

Sasa nitakuambia juu ya nini nilitaka ikae wazi. Unakumbuka bale askari na batu ya sekta bamupata Umutoni chini, karibu na daraja. Alikuwa na kitenge ku mwili, mupya, ya Hollandais, ile ya bei kali, haijashonwa. Ya duka yangu. Batu bakaona. Toka ile siku Mahoko yote inasema binti ya Bizumuremyi alifia vitenge ya baba yake. Banasema nilimupigia simu nikamuambia aokoe mali. Mi nilipiga simu, ndiyo, jioni, nilisema mupandishe vitenge juu ya meza, mvua iko mingi. Ni ile tu nilisema. Mwaka jana, masikio yangu ingali inashika kidogo, mwanamuke moja alikuwa anagombana na mi bei, akasema mbele ya batu: shusha bei bwana, hizi vitenge zako zilishakula mutu. Nilihama soko ya Mahoko juu ya ile neno. Njo maana uliniona naleta mizigo huku Gisenyi, wewe ukafikiri ni juu nyumba ilibomoka.

Mama yake alijua ukweli. Hakuniambia. Nikasema basi ni kweli, ni mi nilimuua, na bibi yangu ananihurumia. Tulilala kitanda moja, nikiogopa ile kitabu, na nikiitamani. Nilitaka iandikwe, ichapwe, ikae fasi batu bote banaona. Hata kama inanihukumu. Barua ya mutoto wa ndugu yangu hakuna mutu wa Mahoko ataamini. Kitu yenye kuchapwa Ulaya bataamini.

Na weye ukamuweka namba.

Bizumuremyi

Pretoria, 27 Novemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika juzi. Sina habari ya hali ya hewa wala ya kodi. Nimelia mpaka mwenye nyumba amegonga mlango.

Sikujua. Habari ya soko, habari ya yule mwanamke, habari ya simu ya jioni, sikujua hata moja. Ningejua, ningekuandikia siku ileile ya kwanza.

Nikueleze ilivyokuwa, kisha unihukumu. Makala niliyowapelekea ilikuwa na sehemu nzima ya maneno ya watu, na ya Mama mdogo ndiyo yalikuwa marefu kuliko yote. Jarida lina mpaka wa kurasa. Ukizidisha, kila ukurasa wa ziada unaulipia, mbali na ile ada ya kufungua. Mmoja wa wahakiki akaandika kwamba hadithi za watu zinagusa moyo lakini haziongezi kitu kwenye hesabu za mto. Msimamizi wangu akasema chuo hakina fungu la kurasa za ziada. Nikakaa na kalamu nyekundu. Nilianza na wale wengine, nikamwacha yeye wa mwisho. Kisha nikamtoa na yeye. Kurasa mbili, Baba mdogo. Siku ile alipofungua mlango aliniambia, andika, mzee atasoma. Nilidhani ni namna tu ya kusema. Sikuelewa kwamba alikuwa anakupa wewe ujumbe, na mimi ndiye niliyetumwa.

Ulipouliza ukurasa wa ngapi niliona aibu, nikajificha nyuma ya karatasi niliyotia sahihi, kwamba maneno ya mshiriki hayaonyeshwi kwa mtu na jina lake, hata kwa mume. Sasa naivunja. Mwenye maneno alitaka uyasome, na hakuna ruhusa kubwa kuliko hiyo. Nayanakili hapa kama alivyoyasema, sikurekebisha kitu:

«Ilikuwa inaanza kupambazuka. Umutoni njo alisikia maji wa kwanza. Tukatoka kwa mulango ya nyuma, tukapanda fasi ya juu, kwenye mugomba. Tulikuwa tumepona, Cyuzuzo. Tulikuwa tumepona bote wawili. Kisha akasema, mama, na mukecuru Kampire? Ule jirani muzee, miguu yake ilikuwa imekufa, hakuna mutu kwake. Nikasema bataenda bengine. Akasema bengine ni banani. Akashuka. Akaingia mu duka, akaniita, mama, makasi iko wapi? Mi nilijua iko wapi. Nilishuka nikamupatia kwa dirisha. Angekosa makasi pengine angerudi. Mi njo nilimupatia.

«Akakata ile Hollandais ya baba yake, ile alikuwa anachunga ya kuuzia batu ya harusi. Akakata katikati! Akasema, baba atanigombeza. Alikuwa anacheka kidogo, unamujua. Nilimuona anatoka kwa Kampire, amemufunga ku mugongo na ile kitenge sawa unafunga mutoto. Mukecuru alikuwa ameshika shingo yake. Maji ilikuwa ku magoti. Kisha ukuta ya kwa Kampire ikaanguka, sikuona tena.

«Kampire balimupata mbali, kule chini ziwani, hakuna mutu alijua bale wawili balikuwa pamoja. Siwezi kumuambia baba yake. Nikianza nitafika ku makasi. Akikata kitambaa mu nyumba mi natoka. We andika. Andika hakurudi juu ya mali. Andika alikata kitenge bila kuomba, asimukasirikie. Atasoma.»

Hayo ndiyo maneno yake yote. Baba mdogo, mimi nitatafuta hizo pesa. Nitakopa, makala ifunguliwe, na niwaombe wairudishe ile sehemu. Hawatakubali, najua, kilichochapwa kimechapwa. Lakini nitaomba.

Nisamehe.

Cyuzuzo

Gisenyi, tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2025

Mutoto wangu Cyuzuzo,

Amani ikuwe na weye. Belise ni muzima, kazi ya kuchanja bamuongezea mwezi ingine. Mvua iko mingi, lakini Sebeya iko fasi yake.

Barua ilifika. Nilienda ku sanduku. Ile kitenge bale askari balinirudishia, Mama Umutoni aliifua, akaipiga pasi, akaikunja, akaiweka chini kabisa. Mi sikuigusa hata siku moja, nilikuwa nataka kuichoma, nikamuogopa yeye. Nikaifungua ku kitanda. Upande moja iko na ukingo ya fabrike, vile ilitoka kiwandani. Upande ingine imekatwa na makasi, katikati ya maua, sawa sawa, mukono ya mutu mwenye kujua kukata. Mi njo nilimufundisha. Na ku pembe mbili iko makunyanzi ya fundo, pasi haikuiondoa. Kila kitu ilikuwa mule, mita tatu toka kichwa yangu, na sikufungua.

Jumapili nilichukua barua yako na kitenge, nikaenda Mahoko, soko imejaa. Nilisimama kwenye duka yangu ilikuwa, nikasoma maneno ya Mama Umutoni yote, mupaka ku makasi. Sisikie sauti yangu, Belise anasema nilipiga kelele mupaka batu ya ku barabara bakasimama. Mutoto ya Kampire, Uwimana, ule aliolewa Musanze, alikuwa amekuja siku ile. Hakujua mama yake alibebwa. Alizani alikufa peke yake mu nyumba. Alishika kitenge kwenye ile makunyanzi, hakuachilia. Tulikaa naye chini pale, mu matope. Ule mwanamuke wa kushusha bei alikuwa upande ya nyanya. Sikumuangalia.

Usikope mali. Wacha bafunge article yao, mvua na mistari ni yako, utapata diplôme yako, mi nitakuja na suti. Haya ya mama yako mudogo ilishasomwa. Lakini sikufichi, iko kitu inaniuma na haitaisha. Alikuwa anangoja isomwe akingali muzima. Angeniona nimesoma, nikamuangalia, angejua sina kitu na ile makasi. Angekata vitambaa na mi. Kurasa mbili, unasema. Hakuna aliyekuambia ni bei gani, hata bale benye kuiuzisha hawaijui.

Kitenge nilimuachia Uwimana nusu, tulipofika naye ku nyumba. Nilikata mi mwenyewe, na mulango wazi.

Na weye ukiota Umutoni, batu banasema bale bamekufa banakujaga kwa benye kuandika, umuambie baba yake hamugombeze. Umuambie tena kitu moja tu. Angeniomba, ningemupatia balo yote ya vitenge.

Baba yako mudogo,
Bizumuremyi